Probox inamulika kama kibatari: kabla hujanunua globu mpya

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Muheza, nina Toyota Probox. Siku tatu kwa wiki napakia machungwa saa tisa usiku nayaleta Tanga mjini, na mara nyingine narudi giza limeshaingia. Taa zangu za dimu ni kama kibatari. Nikipishana na lori pale Pongwe ndiyo sioni kabisa, naendesha kwa kuikumbuka barabara. Ajabu ni kwamba wao ndio wananipigia fulu, na mimi nimedimu! Globu zimeandikwa H4 12V 60/55W. Dukani kijana mmoja anataka nifunge LED, mwenzake anasema 100/90 ndiyo kiboko yao. Umri wangu miaka 49. Nifunge ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa leo hela yako ibaki mfukoni. Swali lako lina mambo mawili yanayogombana: wewe huoni, na wanaokuja mbele wanalia kwamba unawachoma macho. Ina maana mwanga upo, ila sehemu yake inapotelea kwenye waya, na uliobaki unakwenda kwenye macho ya watu wakati wewe unauhitaji kwenye lami. Ukifunga globu kali juu ya ugonjwa huo, utakuwa umeuongezea nguvu tu.

Nianze na machungwa, maana nadhani ndiyo yanayokuponza kwa wale madereva wa malori. Ukipakia, gari linakaa nyuma na pua inainuka. Tuseme nyuma imeshuka sentimita 5 tu. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma Probox ina kama mita 2 na nusu, kwa hiyo hizo sentimita 5 ni mwinuko wa asilimia 2. Taa ya dimu kawaida huinamishwa asilimia 1, yaani kila mita 10 mwanga unashuka sentimita 10. Toa hesabu: taa iliyoinama asilimia 1 ikainuliwa asilimia 2, sasa inatazama juu. Haigusi lami tena. Inamulika vioo vya malori na makuti ya minazi. Na kama springi za nyuma zimechoka, hata nusu ya mzigo inatosha kufanya hivyo. Baadhi ya magari yana kidude cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba kuanzia 0, cha kushusha taa ukiwa na mzigo. Angalia kama lako linacho. Wateja wangu wengi wanacho na hawajawahi kukigusa tangu gari lishuke melini.

Kulenga taa nitakurudia mwishoni, kwa sababu ukilenga leo halafu ukabadili globu kesho, umefanya kazi bure. Kwanza tuutafute mwanga uliopotea.

Chukua multimita, au mwombe fundi yeyote wa umeme aje na ya kwake. Washa injini, washa taa, pima kwenye betri yenyewe, waya mmoja chanya na mwingine hasi. Oltaneta nzima, ile inayochaji betri, itakupa volti 13.8 hadi 14.4. Sasa nenda nyuma ya taa, chomeka ncha za kipimo kwenye plagi ya globu kwa nyuma, globu ikiwa imechomekwa na inawaka. Lazima iwe inawaka. Ukipima plagi tupu itakudanganya, itasoma volti zote kana kwamba hakuna tatizo. Tofauti ya nusu volti naivumilia. Ikizidi hapo, kuna mahali umeme unaliwa.

Nikupe mfano wa namba ninazokutana nazo: betri inasoma 13.9, globu inapata 12.1. Mtu anasema, aa, si volti 1.8 tu? Lakini halojeni, yaani globu ya uzi kama hizo zako, haipungui mwanga kwa kulingana na volti. Inaporomoka. Ukiipunguzia volti asilimia 5 unapoteza kama asilimia 16 ya mwanga. Ukiipunguzia asilimia 10 unapoteza kama asilimia 30. Huyo wa 12.1 ametupa zaidi ya thuluthi ya mwanga wake, na uzi wa globu hauchemki vizuri, ndiyo maana mwanga unakuwa wa manjano kama wa kibatari. Umesema mwenyewe kibatari, nami hapo masikio yakasimama.

Huo umeme unaliwa wapi? Hapa kwetu kwanza kabisa shuku ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Hewa ya bahari ina chumvi, na ile bolti inayobana waya hasi wa taa kwenye bodi huota kutu kwa ndani, kwa juu ukiiona nzima. Pima hivi: ncha moja kwenye mguu hasi wa globu, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, taa zikiwaka. Ukisoma zaidi ya kama volti 0.2, ethi yako inaumwa. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, piga na kile kikonyo cha waya, funga, pakaa vaselini. Kazi ya robo saa. Nimewahi kumrudishia mzee mmoja wa Mwambani taa zake kwa msasa na vaselini ya mke wake, hakununua kitu. Kwenye Toyota nyingi, hasa za zamani, kuna jambo la kujua kabla hujapima: swichi ya taa inakata upande wa hasi. Chanya ipo kwenye plagi muda wote taa zikiwa zimewashwa, na kubadili dimu na fulu kunafanyika kwa kuunganisha hasi. Fundi asiyejua hilo atazunguka siku nzima akitafuta kosa ambalo halipo, na ethi ya kusafisha ataikuta kwenye swichi na njia yake, si lazima iwe nyuma ya taa.

Kama ethi ni safi na volti bado hazifiki, tatizo ni waya wenyewe na swichi. Umeme wa taa unatoka betri, unapita fyuzi, unapanda hadi kwenye usukani, unashuka tena mbele. Waya mwembamba, njia ndefu, swichi ya miaka 20. Dawa yake ni rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya mpya mnene, wa milimita za mraba 2.5, unatoka betri moja kwa moja, fyuzi ya ampea 20 iwe karibu kabisa na betri na si kwingine, unaingia rilei mguu namba 30, unatokea 87 kwenda kwenye globu. Plagi ya zamani kazi yake inabaki kuamsha rilei tu, miguu 85 na 86. Na kwa sababu ya ile habari ya hasi niliyokwambia, seti za rilei zinazouzwa zimefungwa tayari mara nyingine hazikubaliani na Toyota: unawasha dimu inakuja fulu, au taa ya bluu ya kwenye dashibodi inagoma. Mwambie fundi apime kwanza gari linakata upande gani ndipo akate waya.

Huyo wa volti 12.1 akifungiwa rilei akapata 13.5, anaongeza karibu nusu ya mwanga aliokuwa nao, globu zilezile. Hakuna globu ya dukani nitakayokuahidi hivyo.

Jambo la pili ni kioo cha taa, ambacho siku hizi si kioo, ni plastiki. Jua linaipika inakuwa ya manjano na ukungu. Mwanga unaotoka hapo unatawanyika pande zote, kwa hiyo huoni mbele na bado unamuumiza anayekuja. Zungushia selotepu ya karatasi kwenye rangi ya bodi, chukua msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 2000, kila mara ukimwagia maji, halafu kipolishi. Ukifika namba 800 utaogopa, taa itakuwa nyeupe kama maziwa, endelea. Baada ya hapo lazima ipakwe vanishi isiyo na rangi, ile ya kuzuia jua, la sivyo baada ya miezi michache unarudi palepale. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki chache, sina ugomvi nayo. Ila wale wanaopulizia dawa ya mbu wanaiyeyusha plastiki juu juu. Inang'aa siku hiyo, baadaye inapasuka nyufa ndogondogo ambazo hakuna msasa utakaozitoa. Kama ukungu uko kwa ndani, au sahani ya kuakisi imebanduka ile rangi ya fedha, hapo tafuta taa nyingine, usipoteze msasa.

Sasa twende dukani kwa wale vijana wako.

100/90, yaani wati 100 kwenye fulu na 90 kwenye dimu. Hii naijua kwa kuungua nayo. Zamani niliifunga kwenye Corolla yangu mwenyewe, nikaenda nayo Korogwe. Kwenda ilikuwa raha tupu. Kurudi, karibu na Hale, nikasikia harufu ya plastiki, mara taa ya kushoto kwaheri. Nilifungua boneti na tochi mdomoni: soketi imeyeyuka, imeshikana na miguu ya globu kama karanga kwenye kashata. Nilikata waya kwa kisu, nikarudi Tanga na jicho moja, kosa langu mwenyewe. Hesabu yake ni hii: globu ya wati 60 inavuta ampea 5, ya wati 100 inavuta zaidi ya 8. Waya uleule. Kadiri umeme unavyozidi, volti zinazoliwa njiani nazo zinazidi, kwa hiyo zile 1.8 zinakaribia 3. Unalipia wati 100, unapata mwanga wa kukaribiana na uleule, na joto lote linaishia kwenye soketi na kwenye sahani ya plastiki. Mtu mwenye Land Cruiser ya zamani, sahani ya chuma, rilei, soketi ya kauri na safari za porini, nitamfungia. Probox yako, hapana.

LED inahitaji maelezo marefu kidogo. Toa globu yako ya H4, ishike kitako, kioo usiguse kwa vidole, uitazame. Ndani kuna nyuzi mbili. Ule ulio mbali na kitako ndio wa dimu, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma, kina ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Kikombe hicho kinauzuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya sahani, kwa sababu mwanga unaopiga nusu ya chini ndio unaoruka juu kwenye macho ya watu. Ukingo wake mmoja umekatwa kwa mshazari, na huo ndio unaoutengeneza ule mwanga unaopanda kidogo upande wa kushoto kukuonyesha watembea kwa miguu kandokando. Sahani nzima ilichorwa kwa kutegemea uzi huo uwe hapo hasa. Ukihama milimita 1 tu, picha ukutani inavurugika.

LED nyingi za dukani zina vipande bapa vya taa viwili, kila upande kimoja, vinene kuliko uzi, na kikombe ama hakipo ama kimewekwa kama pambo. Mwanga ni mwingi kweli, ila hauna adabu. Jioni moja mteja alikuja anazisifia za kwake. Nikamwambia kijana wangu awashe dimu, mimi nikaenda mbele kama mita 30 nikachuchumaa kimo cha mwendesha bajaji. Sikuiona gari, sikumwona kijana, sikuona ukuta uliokuwa nyuma yake. Yule mteja nikampeleka achuchumae na yeye. Alikaa sekunde tano hivi, akasimama, akasema, "Fundi, zitoe." Na ubaya wake mwingine hauonekani haraka: zinamwagia mwanga mweupe hapo karibu na pua ya gari, mita 10 au 15, mboni zinasinyaa, dereva anajiona anaona sana, kumbe mbali ndiko kumezidi kuwa giza.

Sisemi LED zote ni takataka. Ujerumani tangu 2020 wameruhusu LED za kubadilisha globu, lakini kwa orodha ya aina ya gari na taa iliyopimwa, moja moja; si kila globu kwenye kila gari. Hapa hakuna atakayekupimia, kwa hiyo ukuta ndio mpimaji wako. Ukizifunga, simamisha gari mbele ya ukuta usiku: ukiona mstari umekatika safi, chini mwanga, juu giza, na ngazi ndogo upande wa kushoto, sina neno. Ukiona mawingu ya mwanga juu ya mstari, rudisha dukani siku hiyohiyo. Zenoni, zile globu za gesi zisizo na uzi, za kufungia kwenye sahani ya H4 hata sizungumzii.

Kwa hiyo ya kununua ni ipi? Halojeni ya H4, 60/55, ileile, ila nzuri na mpya, na ubadilishe zote mbili kwa pamoja. Tafuta kwenye kitako alama ya herufi E ndani ya duara ikiwa na namba: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E4 Uholanzi. Alama nayo inaghushiwa, lakini globu isiyo nayo kabisa usiiguse. Halojeni halali inatoa kama lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu ikipewa volti 13.2. Zipo zilizoandikwa zinaongeza asilimia 100 au 130. Hizo si uongo mtupu. Wati ni zilezile, uzi umesokotwa kwa kubana na unachemka zaidi, basi kuna sehemu moja ya barabara inapata mwanga zaidi. Si barabara nzima. Bei yake unailipa mara mbili, dukani na kwenye umri wake, maana zinaungua mapema. Wewe unayetembea usiku siku tatu kwa wiki, ningekushauri ya kawaida. Zenye kioo cha bluu ziache. Rangi ni chujio, na chujio linapunguza. Za manjano nazo watu wanazisifia kwa ukungu wa Lushoto. Nimezitumia, zinapumzisha macho kidogo, lakini kinachosaidia kwenye ukungu ni kuzima fulu na kuwa na taa iliyokaa chini.

Ukifunga, shika kwa kitambaa safi. Mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo yanapika doa na globu inakufa kabla ya wakati. Ikiguswa, futa kwa spiriti. Vile vikonyo vitatu vya kwenye duara lake vinaingia kwa namna moja tu. Ukiona inabidi ulazimishe, umeigeuza. Nimeletewa gari lililokuwa likimulika angani, kumbe globu iko kichwa chini.

Sasa kulenga. Subiri giza, tafuta ukuta mweupe na mahali tambarare. Upepo wa matairi uwe sawa, na gari liwe na mzigo wako wa kawaida. Sogeza gari mpaka pua ikaribie kabisa ukuta, weka alama ya chaki mbele ya kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 5, zilizopimwa kwa futi kamba, si kwa hatua. Washa dimu. Ule mstari wa kukatika mwanga unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya alama. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili, moja ya juu na chini, moja ya kushoto na kulia. Zungusha kwa bisibisi, taa moja ukiifunika kwa kitambaa kizito kwa muda mfupi ili usichanganye mistari. Usiwaache wakuinamishie sana kwa hofu ya trafiki. Taa iliyo sentimita 65 kutoka chini, ikiinama asilimia 1, inafika mita 65. Ikiinama asilimia 3 inafika mita 22 tu, na hapo hata ufunge taa za uwanja wa Mkwakwani huoni kitu.

Na hizo mita zina maana. Ukiwa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 33, na breki nzuri kwenye lami kavu ni mita 36 nyingine. Jumla mita 69, mwanga wako wa dimu umeishia 65, na hiyo ni dimu iliyolengwa vizuri. Ukiwa 50, jumla inashuka hadi kama 35. Kwa hiyo ukipishana na lori na fulu umezima, punguza, hata kama nyuma kuna Noah inakupigia honi.

Umri nao umeutaja vizuri. Jicho la miaka 60 linapitisha kama thuluthi tu ya mwanga unaopita kwenye jicho la kijana wa 20, nami mwenyewe niko huko. Kapime macho. Na kabla ya hapo futa kioo cha mbele kwa ndani, ule utando wa mafuta unaotokana na joto la dashibodi. Pitisha gazeti lenye maji kidogo uone linavyotoka jeusi. Ule ndio unaogeuza taa ya lori moja kuwa kumi.

Fuata mpangilio huo: ethi na volti, kioo, globu, kulenga. Ukishindwa na rilei na ukaamua kunifuata huku Ngamiani, njoo jioni gari likiwa na machungwa yake ndani. Likija tupu nitakulengea taa za gari ambalo wewe huliendeshi.